"Mwalimu, Tunaruhusiwa Kuingia?" – Hotuba ya Ziara ya Mlimani kwa Kikao cha Wazazi

Wazazi kadhaa walikuwa mashambani siku ya kikao, nao wameniomba niwape maneno niliyoyasema kuhusu ziara ya wanafunzi wetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Haya hapa yote, kama nilivyoyatoa.

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, viongozi wa kijiji, wazazi na walezi. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nitoe taarifa ya ziara. Taarifa ya fedha anayo mhasibu, risiti zote zipo, na mwenye kutaka kuziona atazikuta mezani pale baada ya kikao. Mimi naomba ruhusa yenu nizungumzie jambo jingine. Nataka kuzungumzia swali moja aliloniuliza mtoto.

Tulifika Mlimani saa mbili kasoro asubuhi. Watoto 43, walimu wanne, tumesafiri usiku kucha kutoka huku kwetu Kilosa, shingo zinauma, nguo zimejikunja. Basi likasimama getini. Mlinzi akaja, akasoma barua yetu, akatazama watoto dirishani, akasema, "Karibuni sana, mwongozaji wenu anawasubiri." Kizuizi kikainuliwa. Hapo mtoto mmoja wa kidato cha tatu, aliyekaa nyuma yangu, akanigusa bega na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tunaruhusiwa kuingia?"

Nikamwambia, si umesikia, tumekaribishwa. Akanyamaza. Tulipofika Ukumbi wa Nkrumah akauliza tena, "Hapa tunaruhusiwa kukaa?" Tulipofika maktaba, mara ya tatu: "Na humu?"

Wazazi wangu, mtoto yule si mjinga. Ni wa pili darasani kwake. Nani kamfundisha kuuliza hivyo? Tumemfundisha sisi. Tunamwambia kila siku soma, soma ufike chuo kikuu, na chuo kikuu chenyewe tunakitaja kama tunavyoitaja pepo: mahali pazuri ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda akarudi kutusimulia. Mtoto atapataka vipi mahali ambapo hajawahi kupakanyaga? Ataomba vipi nafasi kwenye nyumba ambayo hata kuisogelea anaogopa?

Ndiyo maana nimesimama hapa. Nataka niwaambie nyumba ile ni ya nani.

Mmoja wa wanafunzi wetu alikuja safari na noti ya zamani ya shilingi 500, ile ya karatasi, kabla 500 haijawa sarafu. Bibi yake alimpa. Bibi aliitunza noti ile kwenye pindo la kanga miaka mingi, akamwambia mjukuu, "Nyuma ya noti hii kuna nyumba. Watu wanasema ni ya chuo kikuu. Nenda ukaniangalizie kama ipo kweli." Basi tulipofika mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, mtoto akaitoa noti katikati ya daftari. Mwongozaji wetu akaichukua, akaigeuza, akaunyoosha mkono wake hewani mpaka picha ya kwenye noti ikakaa sawasawa na jengo lenyewe. Paa kwa paa. Akawaambia watoto waje mmoja mmoja, wafumbe jicho moja, watazame.

Watoto 43 walipanga foleni kutazama noti ya bibi! Nami nilipanga. Nilipofika zamu yangu nikaona kitu ambacho sikukiona kwa miaka yote niliyoitumia noti ile kununulia chumvi na kiberiti: nyumba ile tulikuwa tunatembea nayo mifukoni. Kila mmoja wetu hapa amewahi kuishika mkononi. Mama aliyeuza mafungu ya nyanya aliishika. Kondakta aliishika. Tukaishika na hatukujua ni yetu.

Je, ni yetu kweli, au nasema tu maneno matamu ya kikao? Sikilizeni ilivyoanza.

Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikafunguliwa. Hakikufunguliwa Mlimani. Kilianzia mjini, Mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU. Nasema tena: ndani ya jengo la TANU. Chama cha watu waliokata kadi, wakulima, wavuvi, makuli wa bandarini, akina mama wa maandazi, kilitoa jengo lake ligeuke darasa kabla nchi haijawa hata na bendera yake. Somo lilikuwa moja tu, sheria, kwa sababu sheria haikuwa ikifundishwa chuo chochote cha Afrika Mashariki wakati ule. Wanafunzi hawakufika hata 15. Darasa la kidato cha kwanza hapa shuleni lina watoto wengi kuliko chuo kizima cha siku ile. Mwanamke kati yao alikuwa mmoja, Julie Manning, na baadaye huyo akawa Waziri wa Sheria wa nchi hii. Wasichana wetu waliposikia hivyo waligeuka wakatazamana. Sikuwauliza wanafikiri nini.

Mengine nayapitia haraka, yamo kwenye daftari za watoto. Mwanzoni kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London; mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki; mwaka 1964 kikahamia mlimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji; na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo.

Sasa ndugu zangu, nije kwenye jambo ambalo limenikaa kifuani tangu tuliporudi.

Mwaka juzi tuliwapeleka watoto mahali pengine, sitapataja. Tulisimama juani saa mbili nzima tukisubiri mtu mwenye ufunguo. Alipokuja alitupitisha mbiombio, akasoma karatasi aliyoshika, majina na miaka, majina na miaka, akamaliza. Watoto walirudi na picha za simu. Niliwauliza wiki iliyofuata mmekumbuka nini, wakanitajia soda.

Mwongozaji wetu wa Mlimani alikuwa kijana wa mwaka wa tatu, mtoto wa mkulima wa Chunya, anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Hakushika karatasi yoyote. Alitembea kinyumenyume mbele ya watoto ili awaone machoni, na kila tulipofika mahali aliwauliza kwanza wao wanaona nini. Lakini kilichonifanya nimheshimu zaidi ni kwamba hakutuficha kitu. Alitueleza fahari za chuo chake, kisha akatukalisha kwenye majani karibu na Nkrumah, akasema, "Sasa niwaambie siku ambayo chuo hiki kilibaki kitupu."

Mimi ni mwalimu wa historia, mwaka wa kumi na sita huu. Habari ya mwaka 1966 nimekuwa nikiifundisha kwa sentensi moja: wanafunzi waligoma kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Natia nukta, naendelea. Kijana yule aliifundisha kwa nusu saa, na baada yake sitaweza tena kuisema kwa sentensi moja.

Serikali ilikuwa imeamua kila mhitimu alitumikie taifa miaka miwili. Sehemu angekuwa kambini, na muda uliobaki angekuwa kazini kwake huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, na bango moja likasema afadhali enzi za mkoloni. Miaka mitano tu baada ya uhuru! Mwalimu Nyerere akawapokea Ikulu, akawasikiliza. Kisha akawajibu kwa hasira na kwa uchungu. Akasema kama tatizo ni mishahara basi ataanza na wake, akaupunguza palepale kwa asilimia 20. Na wao akawarudisha makwao, wanafunzi karibu 400. Miezi mitatu na nusu baadaye likaja Azimio la Arusha. Mwaka uliofuata wengi wao waliomba radhi wakarudishwa.

Kijana akanyamaza hapo. Kisha akawauliza watoto, "Nani alikuwa sahihi?"

Wazazi, natamani mngekuwepo. Mvulana mmoja alisimama akasema wanafunzi walikuwa sahihi, mtu amesoma miaka yote, asilimia 40 atakula nini, atamtunzaje mama yake? Wengine wakapiga makofi. Akasimama msichana ambaye mama yake anafanya kazi kwenye shamba la mkonge, nyote mnamjua. Akasema, "Mama yangu anakata mkonge tangu alfajiri. Hiyo asilimia 40 ya msomi yeye hajawahi kuiona. Wale walisomeshwa na nani?" Kimya. Mvulana akarudi, akasema kweli, lakini kwa nini waliokuwa na nguvu ya kufukuza wasitumie nguvu ya kuzungumza kwanza? Na hilo nalo lilikuwa jibu. Wakabishana mpaka jua likatuhamisha, tukasogea kivulini, wakaendelea.

Mwongozaji hakutoa hukumu. Aliongeza kisa kimoja tu. Mwaka 1978, wanafunzi wa chuo hichohicho waliandamana tena. Safari hii hawakudai chochote chao wenyewe. Walipinga kuongezwa maslahi ya mawaziri na wabunge wakati wananchi wana hali ngumu. Na wao pia walifukuzwa, mamia. Yule msichana wa mkonge aliuliza, "Kumbe hata walipotusemea sisi walifukuzwa?" Kijana akamjibu, "Ndiyo."

Kuna mzazi ameniambia jana kwamba kuwasimulia watoto habari za maandamano na kufukuzwa ni kuwaharibu. Namheshimu, ni mkubwa wangu, na nimemjibu kwa adabu kama ninavyowajibu ninyi sasa. Mtoto akionyeshwa majengo tu, atayaogopa majengo. Akisimuliwa kwamba humo ndani waliishi vijana wa umri wa kaka zake, wakakosea, wakakosewa, wakaomba radhi, wakasimama tena, ataona ni mahali pa watu. Mtoto wangu mwenyewe alikuwemo safarini, na nilitaka asikie yote mawili.

Na walikuwemo watu kweli! Watoto wetu wanaofika kidato cha nne wanajifunza jinsi biashara ya utumwa na ukoloni vilivyoifukarisha Afrika. Hoja hizo wanazikariri. Hawakujua kwamba mmoja wa walioziandika kwa nguvu kuliko wengine alikuwa akitembea kwenye vijia vilevile. Walter Rodney alikuja Mlimani mwaka 1966, kijana wa miaka 24 kutoka Guyana. Akaondoka kwenda kufundisha Jamaika, serikali ya huko ikampiga marufuku mwaka 1968, akarudi Dar es Salaam mwaka 1969 na kufundisha mpaka 1974. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1972, kikachapishwa London na Dar es Salaam. Siku za Jumapili, wakati wengine wamepumzika, wanafunzi wa wakati ule walikuwa na madarasa ya siasa waliyoyaanzisha wenyewe. Yoweri Museveni alikuwa mmoja wa wanafunzi hao, na aliongoza umoja wao wa wanamapinduzi. Rodney aliuawa kwa bomu mjini Georgetown mwaka 1980. Alikuwa na miaka 38.

Mtoto mmoja aliuliza, "Kwa hiyo alipita hapa? Njia hii?" Akaambiwa ndiyo. Nikamwona anatazama chini, anatazama miguu yake.

Maktaba mpya sitaieleza sana, ingawa watoto wangependa niieleze peke yake siku nzima. Ilifunguliwa mwaka 2018, imejengwa kwa msaada wa China, inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na nafasi ya vitabu 800,000. Mle ndani watoto walinong'ona bila kuambiwa. Tumbili pia wamewafurahisha, wapo tele kwenye miti ya chuo, na mmoja alimnyang'anya mwalimu wa hesabu andazi lake. Tuendelee.

Jambo langu la mwisho ni dogo kwa muda, lakini kwangu ni kubwa. Tulipitishwa kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Asili yake ni kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930. Kamati hiyo ilihama na makabrasha yake Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa, mpaka ikarudi Dar es Salaam na mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ile TUKI tuliyoizoea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilitoka kwao. Mwaka 2009 ndipo ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI.

Mwanataaluma mmoja, mama mtu mzima, alitukaribisha. Akawaambia watoto, nipeni neno la kwenu, neno ambalo mnadhani sisi hapa hatulijui. Kimya. Watoto wetu wanaona aibu na maneno ya nyumbani, mnajua. Mwishowe akasimama mvulana wa kidato cha tatu, yule ambaye kila msimu wa mpunga anakosa shule wiki mbili akiamia ndege. Akasema, huku ameinamisha kichwa, "Dungu."

Mama akamuuliza, "Dungu ni nini, mwanangu?" Mtoto akaeleza kwa mikono. Unachimbia miti minne shambani, unafunga fito juu, unatandika nyasi, unapanda ukiwa na kombeo lako, unaona shamba lote mpaka mwisho, na kweleakwelea wakija unawaona wangali mbali kama moshi. Alipoanza alikuwa anaongea chini. Alipofika kwenye kweleakwelea alikuwa amesimama wima na sote tunamsikiliza.

Mama akafungua kamusi. Akamwita, akamwonyesha kwa kidole. Dungu. Limo. Jukwaa la kulindia shamba. Akafungua tena, "amia". Nalo limo. Mtoto akasoma mwenyewe, akarudia kusoma, akageuka kwa wenzake akasema, "Limeandikwa!"

Wazazi wangu, miaka mitatu nimemfundisha mtoto huyo, na sikuwahi kumsikia akisema sentensi kumi mfululizo darasani. Alizisema Mlimani, kwa sababu kuna mtu alimuuliza kitu anachokijua. Yale aliyoyapata juu ya dungu, akiwa peke yake na njaa na jua la saa sita, yalikuwa yamewekwa kwenye kitabu na watu wasomi, na yeye hakujua. Alikuwa anadhani ni umaskini wetu tu.

Sasa naomba. Mkuu wa Shule ameniruhusu niombe.

Mwakani tunataka kuwapeleka kidato cha pili na cha tatu. Barua ya maombi ya chuo tutaiandika mapema, kwa muhuri wa shule, na tutaomba tupewe mwongozaji. Bila mwongozaji tusiende, nalisema hilo kwa msisitizo. Majengo hayasemi yenyewe, na mimi mwalimu wenu pamoja na shahada yangu nisingewaambia watoto nusu ya yale waliyoyasikia. Mchango tumeupanga ulipwe kidogokidogo kuanzia mavuno haya. Mwenye gunia la mpunga alete mpunga, mhasibu atauandika kwa bei ya siku hiyo. Na naomba wazazi wawili waje nasi, mama mmoja na baba mmoja, mtakaowachagua ninyi wenyewe leo kabla hatujatawanyika. Wasije kama walinzi wa watoto. Waje kuona, waje kukaa kwenye majani yale, nao waulizwe nani alikuwa sahihi.

Yule mtoto aliyeniuliza kama tunaruhusiwa kuingia yupo hapa, amekaa na wenzake pale dirishani. Tulipokuwa tunaondoka, basi linageuza, alikuwa akiandika nyuma ya daftari lake. Nikamuuliza unaandika nini. Alikuwa anachora ramani: geti, barabara, Nkrumah, maktaba, mwembe tulipokula. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Nisipotee nitakapokuja."

Na mwisho kabisa nina amana ya mtu. Bibi, nimekuona pale nyuma, naomba usogee mbele. Vijana, mpisheni bibi. Mjukuu wako aliogopa noti itapotea njiani kurudi, akanipa niitunze, nami nimeiweka ndani ya karatasi hii tangu siku ile. Ishike. Igeuze upande wa nyuma. Nyumba hiyo ipo kweli, Bibi, tumeiona sote, na mjukuu wako amekaa kwenye ngazi zake.